Saa za Watu Wengi na Miguu ya Kerubo

Mtaa wa University,
Saint Paul, Minnesota.
Tarehe 6 Novemba, 2023.

Mpendwa mdogo wangu Adventina,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyompa mgeni akuletee ilifika au alijichulia mwenyewe? Shemeji Zachariah mzima? Mvua zimenyesha? Na senene, maana mwezi wenyewe ndio huu, wameshashuka au bado mnatazama taa tu? Ukipata wengi wanyonyoe mbawa, nikaangie, uwakaushe vizuri, mtu akija huku atakuja nao. Wa mwaka jana walifika wamelegea, nikala hivyohivyo.

Sisi wazima. Mwanangu Cleophas mzima, mkewe Tulia mzima, ndiye anayeniandikia hapa, mimi nasema yeye anaandika. Wajukuu wazima. Ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa, lakini wanajibu Kiingereza, basi kila mtu anasema lake na chakula kinaliwa. Mimi ni presha tu, nayo imenizoea.

Sasa nikwambie habari ya treni, maana nimekaa nayo kifuani siku nyingi.

Unamkumbuka Kerubo niliyekutajia kwenye simu, yule Mkisii wa Kenya aliyekuwa anakaa chini yetu hapahapa kwenye jengo. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia, aliniondolea nguo kwenye mashine bila kuniuliza, tukagombana, tangu hapo ni rafiki. Basi alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, wakamtia chuma. Sasa yuko kwenye nyumba ya kuuguzia kule Minneapolis. Ana binti, Alice, lakini anakaa Apple Valley, mbali, na kazi yake ni ya hospitali, zamu juu ya zamu, anafika Jumapili.

Na wewe unajua sisi mgonjwa hatumwachi. Nikasema nitakuwa nakwenda mimi, na uji wa ulezi kwenye chupa. Yeye anauita wimbi, na kila siku lazima tubishane jina kabla hajanywa.

Tatizo la Kerubo ni kwamba hataki kusimama. Kuna msichana wa Kikalenjin pale, Chepkemoi, ndiye anayewafanyisha wagonjwa mazoezi, na mazoezi ni asubuhi tu. Chepkemoi akimwambia inuka, anasema mguu unauma. Nikimwambia mimi inuka, anainuka ili anitukane vizuri. Hapo hapo tunatembea. Na madaktari walikuwa wamesema mwisho wa mwezi watamtazama: akitembea anakwenda kwa binti yake, asipotembea anabaki mle moja kwa moja. Kerubo aliniambia, "Mama Cleo, wakinibakisha hapa, wamenizika na macho wazi." Alisema kwa sauti ndogo, yeye ambaye sauti ndogo hana.

Kwa hiyo nikawa napanda treni kila asubuhi. Mdogo wangu, treni ya huku haina konda. Unafika kituoni, unakuta mashine imesimama kama kabati, unaitilia pesa, inakutemea tiketi, unapanda, na hakuna mtu anayekuuliza. Nilimuuliza Tulia, sasa asiyelipa wanamjuaje? Akasema kuna siku wakaguzi wanapita. Na siku wasiyopita? Akasema, "Mama, watu wanalipa tu." Hilo nililiwaza mpaka treni ikavuka mto.

Tulia ndiye aliyenifundisha kubonyeza. Akaniambia mzee ana nauli yake ndogo, ila ina saa zake, watu wakiwa wengi hata mzee analipa kama wengine, na saa hizo zimeandikwa kwenye bango. Akakimbilia kazini. Sasa hapa anasema kosa lilikuwa lake. Andika tu, Tulia, tutagawana.

Mimi herufi sijui, lakini namba nazijua. Sikuuza ndizi Kemondo miaka yote ile kwa kupapasa. Nikalitazama bango. Nikaona sita mpaka tisa. Nikaona tena tatu mpaka sita na nusu. Nikasema kumbe nauli kubwa ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mchana wote. Asubuhi yangu mimi saa mbili, ni nauli ndogo. Kurudi saa saba, nauli kubwa. Nikafanya hivyo.

Na nilipowaza nikaona wana akili sana. Maana asubuhi treni imejaa, watu wamesimama, begi la mtu liko usoni kwako. Mchana iko tupu, unakaa kiti chako, unaweka chupa yako kiti cha pili, unatazama nje. Sasa anayekaa si ndiye alipe zaidi? Na anayesimama apunguziwe, pole yake. Nilimsifia hata Cleophas, nikamwambia nchi hii inahurumia watu. Akaniitikia "ndiyo Mama" huku anatazama simu.

Basi siku moja asubuhi akapita mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye koti la kazi. Nikampa tiketi kwa furaha, maana nilikuwa nimengoja sana mtu wa kuiona. Akaitazama, akatikisa kichwa, akaanza kusema. Nikajisemea kwa Kiswahili, huyu naye asubuhi yote hii anataka nini.

Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo, bibi. Anasema tiketi yako si ya saa hizi."

Mtu wa Tanga, Adventina. Nasibu jina lake, mtu mzima mwenye mvi, amevaa nguo za hospitali. Nilitaka nimuulize Tanga sehemu gani na alioa nani, lakini mkaguzi amesimama.

Nikamwambia, "Mwambie ni ya saa hizi. Bango nimelisoma mwenyewe."

"Sasa hivi saa ngapi, bibi?"

"Saa mbili."

"Wao wanaiita nane. Sita yao ya asubuhi ndiyo kumi na mbili yetu, na tisa yao ni saa tatu yetu. Ya jioni vilevile. Bibi, bango lote umeligeuza."

Najua Kiingereza saa wanaisema vingine, nawasikia wajukuu. Lakini mimi nikisoma nasoma kwa Kiswahili, nitasomaje kwa lugha nisiyoijua? Nikamwambia Nasibu amweleze mkaguzi kwamba kama ni hivyo, kwenda nimewapunja lakini kurudi nimejipunja, tumemalizana. Akamweleza. Yule mama akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema haya, leo ameniachia, ila mara nyingine nilipe ya asubuhi.

Nikasema aulizwe kwa nini anayesimama ndiye alipe zaidi. Nasibu akauliza, akanirudishia jibu: wanataka wasio na haraka wapande mchana, wawaachie nafasi wanaokwenda kazini. Nikamwambia amuulize tena, na huyo anayekwenda kazini atafanyaje, bosi wake atamwita saa sita kwa sababu nauli imeshuka?

"Bibi," Nasibu akasema, "hilo tumwachie, ana mabehewa mengine."

Jioni nikawasimulia nyumbani, nikijua watacheka. Tulia alicheka. Cleophas hakucheka. Unajua makaratasi yangu ya kukaa huku bado hayajatoka, na mtoto huyu yakitajwa hata kula hali. Akasema, "Mama, leo kakuachia. Kesho anakuja mwingine anaandika jina. Hilo jina linakwenda wapi, mimi sijui. Usipande tena."

Nikasema, "Na Kerubo?"

"Nitakupeleka Jumamosi."

"Jumamosi mazoezi hakuna."

"Basi utamsalimia."

Mwanangu si mbaya, unamjua, ni mwoga wa upande wetu, kama baba yetu. Akiogopa anakuwa mkali. Nilikaa ndani wiki nzima. Nikapika, nikakunja nguo, nikahesabu treni zikipita chini ya dirisha, asubuhi zimejaa, mchana tupu, nikawa nazitazama kwa macho mengine sasa. Nilikuwa bado sijaelewa. Sijaelewa mpaka leo. Kama wewe au Zachariah mnaelewa mniandikie, maana kwenu mtu akipewa kitu kibaya hapandishiwi bei.

Siku ya sita Chepkemoi akampigia Tulia simu. Kerubo hajasimama tangu nilipoacha kwenda. Anageukia ukuta. Na daktari wa kumtazama anakuja Jumanne, hakuna Jumanne nyingine.

Tulia akamweleza Chepkemoi habari ya mkaguzi, kisha akamwambia mumewe wakati anakula. Hakumbembeleza, alimpa habari, akaondoa sahani. Cleophas akakaa na maji yake mezani. Baadaye akaja mlangoni kwangu. "Jumanne nitaomba ruhusa ofisini. Tutakwenda wote, na tiketi unakata wewe mwenyewe, nikikuona."

Ndugu yangu, nimezaa watoto saba sijaogopa kama mbele ya ile mashine. Cleophas amesimama nyuma yangu kama mwalimu, mikono mfukoni. Watu wamepanga foleni. Nikatazama saa ya kituoni, nikaisoma kwa hesabu yao. Saba na kitu. Nikalirudia bango kwa hesabu hiyohiyo. Nikaacha kitufe cha wazee, nikabonyeza nauli kubwa, ya kila mtu. Tiketi ikatoka. Nikamwonyesha. Akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia, akasema, "Twende, inakuja." Ndani tulisimama njia nzima, nimemshika koti. Tulilipa sana kwa kusimama kule.

Tulipofika Kerubo alikuwa amegeukia ukuta kweli. Nikafungua chupa, nikasema, "Inuka, uji wa ulezi unapoa."

Hakugeuka. "Ni wimbi," akasema. "Kwani walikufunga? Nilidhani uko jela ya treni."

"Niliachiwa kwa sababu ya uzuri."

"Uzuri gani, na hilo sweta?" Hapo akageuka. Akamwona Cleophas. "Na huyu ndiye askari wako?"

Cleophas akasema, "Shikamoo, mama," akachukua chupa ya uji, akaishika. Chepkemoi akaleta kile kigari cha kushikilia. Daktari yuko mlangoni na kalamu. Kerubo akashusha miguu. Aliposimama alinguruma kama mtu anayeinua gunia. Nikaenda mbele yake, nikawa natembea kinyumenyume, namwambia hata kuku wangu wa Kemondo walikuwa na mwendo kuliko yeye. Akanifuata ili anijibu. Tukafika chumba cha kulia. Akagusa mlango kwa kiganja, akageuka mwenyewe, akarudi, mimi nikimfuata nyuma.

Daktari akaandika. Kerubo anakwenda kwa Alice.

Cleophas alikaa kitandani pale na chupa magotini. Wakati wa kurudi treni ilikuwa tupu, nikakata ya wazee, tukakaa. Akasema, "Mama, nenda unapotaka. Nilikuwa naogopa." Nikamwambia najua.

Basi Kerubo amehama Jumamosi iliyopita. Apple Valley treni haifiki, ni basi, na unabadilisha njiani. Cleophas amesema atanipeleka kwa gari. Nimemwambia anipeleke mara moja tu, anionyeshe vituo, na anisubiri nilisome bango la huko nimalize. Nataka kujua basi nalo linapandisha bei saa ngapi, na kwa nini.

Nisalimie Zachariah, na Mama Alfred, na Anicet mwambie suruali aliyoomba nimeiona lakini urefu wake sijui. Wasalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Mungu awafunike nyumba nzima, goti lako lipate nafuu, na senene mwaka huu wajae mpaka mkose pa kuwaweka.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa mbali hivi,

Generosa
(kwa mkono wa Tulia, ambaye naye anakusalimu)