Blanketi la mamake Ciku

Mama Mwas, wuui! Tuko Ruiru kwa kina Ciku, tumekuja ruracio, kumtolea mahari aolewe na Ngigi, mjukuu wangu. Aibu aliyoleta!

Tangu Thika mvua inamwagika, na yeye ndiye anaendesha gari, amezima kila kitu. Waipa, feni, redio, hata taa. Ati umeme wa gari unakunywa petroli!

Kioo kikajaa ukungu. Mamake Ngigi, Ngendo, akapiga kelele, "Washa waipa, utatuua!" Yeye ametulia kama askofu: "Pangusa tu, mami."

Akapangusa na nini? Blanketi la kumpa mamake Ciku! Ndani akapangusa, akatoa mkono dirishani, nje pia akapangusa. Blanketi la ruracio, Mama Mwas!

Sasa mamake Ciku amelikunjua mbele ya wazee, maji yakatiririka kwa kapeti. Babake Ciku akauliza, "Hii ni nini?"

Tukajua msichana tumemkosa. Ngigi bila haya: "Nilizima waipa, baba. Petroli iende mbali."

Mzee akamwangalia sana. "Huyu ndiye nilikuwa naombea msichana wangu. Zimeni hiyo tivi, inakula stima bure!"

Mamake Ciku akashika kichwa. "Ngai, sasa wamekuwa wawili!"