Mkwe Ameusifia Mkaa, Mimi Najua Umetoka Wapi

Mpendwa Shangazi Flora,

Nakuandikia nimesimama nyuma ya kaunta ya duka langu la spea za pikipiki hapa Musoma, kwa sababu tangu juzi nikikaa nawaza, nikiwaza natoka jasho, na wateja wameshaanza kuniuliza kama naumwa, mimi ambaye kwa umri huu na kitambi hiki nilidhani nimeshamaliza kushtuka duniani, kwa hiyo nishike mkono, nakuita Shangazi ingawa huenda nimekuzidi miaka.

Mimi ni Danford, nakaa Makoko. Binti yangu Wegesa anasoma chuo kikuu kimoja cha teknolojia, na kwa kuwa mimi na shule tuliachana mapema, na ukimuuliza mwalimu wangu atakwambia nani alimwacha mwenzake, nilikuwaga natamba dukani kwamba mwanangu anatengeneza mitambo. Mitambo gani, sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nasema "mitambo" huku mkono nimeuinua juu, watu wakadhani ni ndege, nami nikawaacha wadhani.

Sasa miezi mitano iliyopita walikuja wakwe kutoka Butiama kuzungumza mahari, maana Wegesa amechumbiwa na kijana mpole anaitwa Edwin, na baba yake Edwin, Mzee Magesa, ni mtu wa ng'ombe na mzee wa kanisa, akikohoa tu watu wananyamaza. Unajua huku kwetu mbele ya mkwe neno choo halitajwi kabisa, ndiyo maana mzee alipobanwa alisema, "Ngoja nikaangalie ng'ombe," na mimi hapa Makoko sina hata ndama, lakini nikamwonyesha upande waliko hao ng'ombe, akaenda, akarudi, tukaendelea na mazungumzo. Siku hiyo Wegesa alikuwa ameleta magunia mawili ya mkaa wa duara kama maandazi, unawaka bila moshi, tukauchomea mbuzi mzima. Mzee Magesa akatafuna ubavu, akalamba na vidole. Halafu Wegesa akapita kwa kila mgeni akipiga goti: "Baba, nyama imeiva? Hainuki moshi? Ladha umeionaje?"

Mzee akanigeukia. "Mkwe, huyu mmemlea. Wasichana wa siku hizi wakishakupa sahani wanarudi kwenye simu zao. Kwa adabu hii, habari ya ng'ombe hatutabishana."

Shangazi, nilivimba kama mkate. Wakati wanaondoka mzee akaomba gunia lililobaki, nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Juzi chuo kikaleta maonyesho ya tafiti zao hapa mjini, nikavaa koti la harusi yangu, ambalo sasa linafunga kifungo kimoja tu, nikaenda kuiona hiyo ndege. Nikakuta meza ya kijana anayepiga picha jani la muhogo na simu inamwambia mmea unaumwa nini, nikaguna. Meza nyingine mtu wa hesabu amepiga mahesabu namna mawimbi ya ziwa yanavyokula ufukwe, nyingine dada mmoja amekusanya nyimbo za mabibi wa Nyegina na kuziweka kwenye kompyuta ili lugha isipotee, nyingine habari za wajawazito na kliniki, nikasema kumbe hawa watu wa teknolojia wanatafiti kila kitu, si nati na waya peke yake! Nikafika meza ya mwanangu. Hakuna ndege. Kuna yale maandazi meusi, na juu yake bango kubwa: KUTOKA MAJITAKA YA CHOO HADI MOTO WA JIKONI. Chini ya maneno hayo kuna picha, na kwenye picha ni uwanja wangu, jiko langu, na Mzee Magesa mwenyewe na ule ubavu.

Nikasema, "Wegesa, hilo neno la nne nimelisoma vizuri?"

"Baba, si nilikuambiaga?"

"Uliniambia lini?"

"Siku ile naleta mkaa. Nikasema baba, huu unatokana na kinyesi kinachonyonywa kwenye mashimo ya vyoo, tunakikausha, tunakichoma kwenye tanuru. Hata sikumaliza, ukasema mambo ya kisomi niwaambie maprofesa, wewe nikupe moto tu."

Na kweli nilisema. Kabla sijapumua akatokea mwalimu wake akanipa mkono: "Mzee, hongera! Utafiti umeshachapishwa, mpaka nje ya nchi unasomwa. Walaji wote waliridhika na ladha!" Kumbe yale magoti yote yalikuwa mahojiano, na kila jibu mtoto alikuwa analiingiza kwenye simu nyuma ya jiko! Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba siku ile mke wangu Matrida hakugusa nyama, alisema jino linamuuma, na kesho yake alitafuna sangara mpaka mifupa.

Nikiwa bado natafuta pa kukaa, simu ikaita. Mzee Magesa. "Mkwe, ule mkaa! Mama Edwin hataki tena kusikia mwingine. Parokiani tuna jubilei, Baba Askofu anakuja, nimewaambia jiko niachieni mimi. Edwin ananiambia Jumamosi Wegesa atakuwa na maonyesho Bunda. Nitashuka mwenyewe nichukue magunia."

Najua ukurasa wako unatoka Jumatano. Nimwambie mkwe, na ndoa ya mwanangu ife kwa neno ambalo hata kulitaja siwezi? Au nimwambie Wegesa afunike bango kwa kanga na mimi nife na siri yangu? Nisaidie, usiku silali na mchana siuzi.

Danford, Makoko


Ndugu Danford,

Barua yako imenikuta nakula. Nimeisoma mara mbili, nikaenda kuliangalia jiko langu.

Pole. Mshtuko wako ni halali, ila uuweke mahali pake. Nimemuuliza bwana afya mmoja, ameniambia kitu kikishachomwa kwenye tanuru la moto mkali mpaka kikawa mkaa, vijidudu havimo tena. Kwa hiyo tumbo la mkwe lipo salama. Lakini tanuru linaua vijidudu, haliui haki ya mgeni kujua amelishwa kwa moto gani. Hapo ndipo kosa lilipo, na mmeligawana kama mlivyogawana yule mbuzi.

Wewe ulitaka mtoto msomi wa kutambia, hukutaka kumsikiliza. Sentensi moja ya mwanao ilikushinda kuimaliza, ukakimbilia kuinua mkono juu kama rubani. Mkeo alijua akajitetea kwa jino. Mwambie jino hilo nalo limetajwa gazetini. Na Wegesa, nakupenda, kazi yako ni kubwa, kugeuza kero ya mji kuwa moto bila kukata mti, lakini mtu unayemhoji lazima ajue kuwa anahojiwa. Baba mkwe alidhani unamheshimu. Ulikuwa unampima. Hilo ni deni la heshima, na halilipwi kwa kupiga goti lingine.

Sasa sikiliza, Danford, maana Jumamosi haipo mbali. Habari ya kanga iache. Kanga itapeperuka, na upepo wa Bunda unaujua. Wegesa ashushe ile picha leo, asiirudishe mpaka mwenye sura akubali kwa kinywa chake, na amwambie mwalimu wake ukweli wa namna majibu yale yalivyopatikana, hata kama chapisho litasahihishwa na hao wa nje wakasoma masahihisho. Amweleze pia Edwin yeye mwenyewe, kabla Edwin hajaelezwa na bango.

Wewe chukua mshenga wenu, leo hii mwende Butiama, kabla gazeti hili halijafika huko. Mwiko wa mkwe unakufunga wewe, mshenga haumfungi. Kazi yake ndiyo hiyo, kubeba maneno yasiyobebeka. Ataje choo kwa jina lake, wale ng'ombe wako wa Makoko waacheni wapumzike. Akimaliza, wewe useme neno moja tu: samahani. Usijitetee kwa sayansi. Sayansi aulize mzee mwenyewe akitaka. Na upakie magunia ya mkaa wa kawaida kwa ajili ya jubilei. Kama baada ya kujua ataung'ang'ania ule wa maandazi, hiyo itakuwa kesi yake na Baba Askofu.

Atakasirika? Huenda. Lakini mtu aliyesamehe mabishano ya mahari kwa ajili ya adabu, utamshika kwa adabu hiyo hiyo ukifika kabla ya Jumamosi. Ukichelewa, atajisoma mwenyewe ukutani mbele ya watu, na hapo sina ushauri.

Jambo la mwisho. Mkishazungumza, ukiletewa sahani, kula. Wewe ndiye mtu wa mwisho mkoa huu mzima mwenye haki ya kuuliza kimepikwa kwa mkaa gani.

Shangazi Flora