Nyasi za Kwa Mama

Dada mpendwa,

Sisi hatujambo. Mtoto ameota jino, na paa halivuji tena.

Juzi nilipeleka kazini, kwenye maabara ya wadudu, kidudu cha kijani, kile cha kurukaruka na kufyonza majani. Mkuu wangu alikitazama kwa hadubini, akakitambua kwa mistari ya kichwani, akafurahi mno.

"Hiki hukaa penye nyasi zisizofyekwa miaka," alisema. "Umekitoa wapi?"

"Kiwanjani tu," nilibabaika.

"Basi nipeleke."

Dada, nilikitoa kaburini kwa mama. Kila ukiniuliza nakwambia pasafi, kumbe nyasi zimenifika kiunoni. Hadi siku nilipokipata, nilikuwa sijakanyaga huko tangu tumzike.

Nilimpeleka, nikiomba asione kitu. Akajikwaa kwenye jiwe.

"Nani amelala hapa?"

"Mama yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Aliweka chini wavu wake wa kunasia wadudu, akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Nami nikapiga magoti kando yake. Jina la mama lilipoanza kuonekana, yeye ndiye aliyelisoma kwa sauti. Mimi nilishindwa.

Usininyamazie, dada. Nigombeze.

Mdogo wako