Siku Timu Kubwa Ilipokuja Uwanja Wetu

Ujerumani,
Jumapili mchana, mwezi wa tisa.

Mpendwa Mama Mumbua,

Nakusalimu sana, wewe na mtoto wetu na wote wa hapo Sultan Hamud. Mnaendeleaje? Kifua cha Baba yako kimepoa, ama vumbi la barabara bado linamsumbua? Na Mama kule Kanyangi, umepata habari zake mwezi huu? Najua sasa ni kiangazi na maji yamekuwa mbali. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti la kulia huvimba nikikimbia sana, lakini asubuhi linanibeba mpaka kiwandani bila neno. Kama unasoma ukiwa umesimama dukani, tafadhali mwache ndugu yako auze, utafute kiti. Leo nina mengi.

Barua yako nilipata Jumanne. Ile habari ya Mumbua kumkimbilia mwanaume fulani pale steji ya matatu kwa sababu amevaa suti ya mazoezi, akimwita Baba, niliisoma mara tatu. Wewe uliandika kama jambo la kuchekesha, na mimi nilicheka kidogo, halafu nikaweka barua chini. Mwisho ukauliza, "Unarudi ama haurudi? Niambie neno moja tu, nijue namna ya kukaa."

Neno ni hili: narudi. Nitakuwa nyumbani kabla ya Krismasi.

Najua utauliza imekuwaje, maana kila mwaka nimekuandikia "mwaka mmoja tu, halafu basi." Wacha nikueleze, na nianzie mbali, kwa sababu kuna mambo sijawahi kukuambia.

Unakumbuka siku ya kwanza niliingia duka la Baba yako kutafuta misumari ya ghala ya Mama? Ulinitazama kutoka juu mpaka chini, ukasema, "Wewe ndiye yule mchezaji wa Ulaya? Mbona mfupi hivi?" Watu wote dukani walicheka, na mimi nikacheka nao. Haukujua neno hilo nilikuwa nimeshaambiwa, tena ofisini, na mtu ambaye hakuwa anacheka.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoonekana. Tulikuwa na mashindano ya shule Kitui mjini, kwa ule uwanja wa changarawe, ukianguka unaamka ukiwa umeacha ngozi. Mzungu mmoja aliyefundisha vijana Nairobi alikuja kumwangalia mshambuliaji wa shule nyingine. Mimi ndiye nilikuwa beki wa kumkaba. Yule kijana hakupata mpira siku hiyo, na mzungu akaandika jina langu. Baada ya mwaka mmoja Nairobi, akanileta huku, kwa shule ya vijana ya klabu kubwa.

Tulikuwa tunaishi bweni moja, asubuhi masomo, mchana mpira. Sikujua lugha, na baridi ya mwezi wa kwanza ilinifanya nilie chooni ili wenzangu wasione. Mtu wa kwanza kuzungumza nami kama mtu alikuwa mpishi wa bweni, mama mmoja mnene wa mikono mikubwa, Mama Hilde. Kila jioni alinionyesha kitu kimoja jikoni, akakitaja, nikarudia. Kijiko. Chumvi. Viazi. Na mimi nikamfundisha kusalimu Kikamba. "Wi museo?" ananiuliza nikiingia kula, mbele ya Wajerumani wote, na mimi namjibu, "Ni museo." Alikuwa akilitamka vibaya sana, lakini siku nyingine hilo ndilo neno pekee nililoelewa tangu asubuhi.

Miaka mitatu ikaisha hivyo. Halafu kocha mkuu wa vijana akatuita ofisini mmoja mmoja. Mimi nilikaa pale muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Akasema, "Kyalo, moyo unao, na mguu unao. Lakini wewe ni mfupi, mwili hautoshi. Hatutaendelea na wewe."

Sikwenda kula. Mama Hilde akaja chumbani na sahani ya viazi, akaketi kitandani kwa yule mwenzangu wa chumba aliyechaguliwa, akaningoja mpaka nikamaliza. Baada ya wiki moja ikaja barua kutoka timu ya daraja la tatu, mji mwingine, wanasema wamesikia habari zangu, niende nijaribiwe. Nikafurahi! Nikajiambia, kumbe kocha amenipendekeza. Hajanitupa.

Hilo ndilo nimelishika miaka hii yote, Mama Mumbua. Kutoka ile timu ya daraja la tatu mpaka ya daraja la nne, mpaka hapa nilipo, ambapo hata nahodha wetu ni fundi wa mabomba na sisi sote tunakuja mazoezini na nguo za kazi. Kila nilipoteremka nilijiambia, yule kocha anajua thamani yangu, siku moja ataniona. Nilitaka anione ndipo nirudi. Nilikuwa nikisikia watu wa Sultan Hamud wakikuuliza, "Mzee wako anachezea timu gani kubwa?" na wewe umesimama nyuma ya meza hauna la kujibu. Nilitaka nikuletee jibu.

Sasa, huku kuna mashindano ya kombe ambapo timu ndogo hupangiwa na timu kubwa. Mwezi wa nane tukapangiwa. Unajua walikuwa akina nani? Klabu ile ile. Na kocha yule yule, siku hizi amepanda, anakaa benchi ya timu ya wakubwa.

Wiki mbili sikulala vizuri. Uwanja wetu uko ubavuni mwa kiwanda cha mbao, unanuka misonobari, na siku hiyo watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya magogo. Nilipewa winga wao, kijana anayeonekana kwa televisheni. Nilimkaba kama nilivyomkaba yule wa Kitui. Mpaka mapumziko hakuna goli. Kipindi cha pili wakatufunga mara mbili, zote kutoka upande mwingine, halafu mimi nikapanda na mpira, nikampita yule winga, nikaupiga kati, fundi wa mabomba akafunga kwa kichwa. Nakwambia uwanja ulilia! Wakaongeza la tatu dakika za mwisho. Tulishindwa tatu kwa moja, lakini tulitoka kama watu walioshinda.

Nikaenda moja kwa moja kwa kocha, na matope yangu. Nikamsalimu. "Mimi ni Kyalo," nikasema.

Akanitazama vizuri, uso wa mtu anayetafuta. "Kalo? Samahani. Tumekutana wapi?"

"Kwako. Shule ya vijana. Miaka mitatu."

"Aa. Walikuwa wengi," akasema. Akanipa mkono. "Umecheza vizuri leo, kijana." Halafu akaitwa, basi lilikuwa linangoja.

Hakuwa mbaya. Nataka uelewe hivyo. Alikuwa mpole kabisa. Ila hakunijua. Nilisimama pale, nikalitazama basi lao likiondoka.

Ndipo nikasikia mtu ananiita kutoka kwa ua wa mbao. "Wi museo?"

Nikageuka. Mama Hilde! Amezeeka, amekonda, anatembea na fimbo. Alikuwa amesoma jina langu gazetini akapanda treni peke yake kuja kuniangalia. Nilimkumbatia na jezi hiyo ya matope, koti lake zuri likaharibika, na hakujali.

Tukaketi chumba cha chai cha klabu. Nikamwambia yaliyotokea. Nikasema, "Ajabu ni kwamba yeye ndiye alinipendekeza kwa timu yangu ya kwanza, na leo hanijui."

Akaweka kikombe chini. "Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna. Nilijua tu."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Katibu wa timu ile alikuwa shemeji yangu. Nilimwandikia barua. Mpira mimi siujui. Nilimwambia, kuna kijana hapa anakula kila kitu, anaosha sahani yake, na hachelewi hata siku moja. Mchukue."

Mama Mumbua, karibu miaka kumi nimekuwa nikimshukuru mtu asiyenijua, na aliyenifungulia mlango alikuwa jikoni. Nilimwomba msamaha. Akashangaa, akauliza msamaha wa nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria watu, na kila nikifikiria nakufikia wewe. Ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada, tulikuwa hata hatujamaliza mwaka tangu tuoane. Hakuna aliyekutuma. Ulifunga unga ukampelekea Mama yangu kule Kanyangi, wewe ambaye Kikamba ulikuwa haujui zaidi ya salamu, ukakaa naye mpaka mvua, ukapanda naye kunde na ndengu. Mama alimwomba mwalimu aniandikie barua, akisema, "Bibi yako hajui kushika jembe letu lakini ameshika." Na mimi kwa jibu langu nilikueleza habari za mechi mbili na goti langu. Sikusema asante. Nasema leo. Asante sana, Wanjiru. Mungu alinipa zaidi ya nilichokuwa nikingojea, na hicho alichonipa nilikuwa nimekipa mgongo.

Kazi usiogope. Kiwanda ninapofanya asubuhi ni cha milango, na miaka minne hii nimejifunza kutoka ubao mpaka bawaba. Mwombe Baba yako kwa heshima kama ule upande wa nyuma wa duka unaweza kuwekwa meza ya seremala. Jumamosi, shule ikinitaka, nitafundisha mpira. Na watakaouliza nilichezea timu gani kubwa, nitawaambia ukweli wenyewe, kwamba nilifundishwa kwa kubwa nikachezea ndogo, na zilinilisha.

Juzi nilimwambia meneja wetu kwamba mkataba ukiisha Desemba siandiki mwingine. Alihuzunika kidogo, akadhani nimepata klabu.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Sultan Hamud," nikamwambia.

Akafikiri, akatikisa kichwa. "Sijaisikia. Iko daraja gani?"

"La kwanza," nikasema, na akanipa hongera kwa mikono miwili.

Nisalimie Baba na Mama yako, wazazi wangu wa pili. Nisalimie ndugu yako anayekusaidia dukani, na mchungaji, mwambie maombi yake yalifika. Ukipata mtu wa kwenda Kanyangi, Mama aambiwe aniwekee mahindi ya muthokoi na kunde, na asimwambie jirani yeyote siku ninayokuja, maana namjua. Shangazi pia, na mwalimu anayemwandikia barua, nawashukuru wote.

Mumbua mwambie Baba yake ni yule mfupi. Atanitambua.

Ni mimi mume wako anayekupenda,
Kyalo, Baba Mumbua.