Bibi, Mshenga Wangu Ana Mkia

Bibi yangu mpenzi, mke mwenzangu,

Nimeolewa. Ulitaka uwe wa kwanza kuambiwa, na umekuwa wa mwisho, kwa sababu ulituacha wakati wa mvua kubwa kabla hujamwona huyu mume wetu. Uliniapia siku ile tunapura maharage uani kwamba hakuna mwanamume atakayenichukua mpaka umnuse mwenyewe. "Kwa macho utadanganywa, wewe," ulisema. "Mlete nimnuse."

Basi mnuse humu kwenye karatasi. Masista wa misheni walinifundisha kuandika barua na kuifunga vizuri, lakini hii siifungi. Nitakusomea kaburini kwa sauti, na anayepita na asikie.

Anaitwa Tadei. Akipanda kilima na mkungu wa ndizi begani, huku akiimba vibaya, mimi huacha mwiko ndani ya chungu nikatoka kumtazama. Chakula kimeungua mara nyingi, naye anakula bila kusema neno. Amejenga karibu na mjomba, kwenye ardhi ya ukoo wetu, kama wanavyofanya waume wote wanaokuja kuoa huku. Kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nani anakaa hapa na nani haondoki na uhai wake. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi mwezi mzima wa kwanza wa ndoa yangu.

Sababu ni mbwa, Bibi. Naona umeshakunja uso.

Ulikuwa unashuku kila kitu kilichopanda kutoka bondeni: mafuta ya taa, peremende za masista, hata moshi wa gari la moshi ulipoanza kuonekana kule chini. Nami nimekurithi. Tadei nilimwona kwanza kwenye zahanati ya misheni, nyama ya mguu imechanika, ameifunga kwa jani la mgomba. Alikuwa mkata katani kwenye shamba la Mjerumani upande wa Ngerengere. Alijaribu kutoroka, msimamizi akamfungulia mbwa. Nilimsafisha kidonda, naye badala ya kulia akawa ananitazama.

"Dada," akasema, "ukiendelea kunishika hivyo, nitamrudia yule mbwa aniume na mguu wa pili."

Alipopona wakamrudisha shambani. Nikabaki kila jioni natazama njia kama mtu aliyesahau kitu barabarani.

Siku aliyorudi alikuja na tenga kichwani. Nilijua ni kuku wa mahari, moyo wangu ukaruka. Mjomba akafungua kifuniko, akakifunga tena haraka.

"Tuliomba kuku," akasema. "Wewe umetuletea chui?"

Alikuwa yule yule mbwa. Kichwa kipana kama kinu, kifua cha ng'ombe, sikio moja limebaki nusu. Wazungu wa shambani walikuwa wakiwapiganisha mbwa wao Jumapili, na huyu alishindwa. Msimamizi akamwamuru Tadei amtupe mtoni. Tadei akamtia kwenye tenga, akapanda naye milima, asiage mtu. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanatafutwa, na mtoro akikamatwa unajua mwenyewe: kiboko, kisha mnyororo wa shingoni.

"Huyo ndiye aliyekuchana mguu," nilimwambia, "na wewe unambeba kichwani?"

"Alitumwa," akajibu. "Mimi pia nilitumwa. Kisha bila yeye ningekujuaje? Huyu ndiye mshenga wetu."

Jina likamganda hapo hapo. Mjomba alitema mate. "Mshenga gani ana mkia?"

Nilicheka, lakini sikumwamini. Nilikuwa nikipika namgeuzia uso, kamwe si mgongo. Akilala mlangoni nilizunguka nyuma ya nyumba. Akinitazama nilijiuliza anapima sehemu gani ya mguu. Tena habweki. Mbwa wetu wa huku hubweka hata wakiona jani limeanguka, huyu anakutazama tu. Majirani wakaanza kusema kwamba amewekwa. Kwamba Mjerumani hatupi mali yake bure, amemtuma akae kwetu ajue tunakojificha, na siku askari wakija atawaongoza.

Mjomba akaniita. "Wewe umesoma. Mjaribu kwa lugha ya kwao."

Kijerumani changu ni Baba Yetu tu, Bibi, na wimbo wa Noeli. Nikasimama mbele ya mbwa, watu wamezunguka, nikasali Baba Yetu kwa Kijerumani. Nilipofika katikati, Mshenga akakaa chini, akainua kichwa, akatulia kama mwalimu wa dini.

Watu wakarudi nyuma. "Mmeona?" mjomba akasema. "Kaelewa. Ni wa kwao huyo."

"Labda amechoka kusimama," Tadei akasema.

"Mkwe, usinichezee. Askari wakipanda, huyu atakuwa ameshakufa. Kama huwezi kumwua, nitamwua mimi."

Nakwambia ukweli, usiku ule sikumtetea. Nilimwangalia mume wangu amelala, kovu la mguuni limekaa kama meno yaliyochongwa, nikawaza: mjomba ana haki.

Askari walipanda asubuhi ya ukungu, akida mbele, na safari hii yule msimamizi wa katani alikuwa nao. Kelele zilianzia nyumba za chini. Tukakimbilia pale uliponificha wewe nilipokuwa mdogo, sipataji hata kwenye barua yako. Mjomba alikuwa na panga mkononi, akimtafuta Mshenga kwa macho. Sijui ni nini kilinishika. Nilimvuta mbwa kwa ngozi ya shingo, nikaingia naye pangoni kabla mjomba hajatufikia. Akaingia nyuma yetu, akakaa akigusana magoti nami, panga mapajani.

"Akifungua mdomo," akanong'ona, "namkata, hata akiwa mapajani kwako."

Tadei alikuwa ndani zaidi, gizani. Nilisikia pumzi yake tu.

Unakumbuka, Bibi, ulivyonikalisha pale pale, ukanifunika mdomo kwa kiganja? Mkono ulinuka ugoro na mafuta ya nyonyo. Nilitaka kulia, nikawa nailamba chumvi ya mkono wako. Ulinong'ona, "Lia ndani, mke mwenzangu. Ndani kuna nafasi." Nami nikalia ndani mpaka askari wakapita.

Nikamfunika Mshenga mdomo vivyo hivyo, ingawa kiganja changu hakikufika hata nusu ya taya lake.

Kisha msimamizi akapiga firimbi. Alikuwa karibu sana, nilisikia buti zake zikivunja mabua. Alipiga tena, akaita neno moja la Kijerumani, akalirudia kwa sauti laini, kama mtu anayeita mtoto wake kula. Masikio ya Mshenga yakasimama, lile zima na lile nusu. Mwili wote ukakaza. Mjomba akainua panga. Nilijua, kama nijuavyo jina langu, kwamba anakwenda. Anaitwa na mwenyewe. Kwa nini asiende?

Akaanza kutetemeka. Mbwa mzito kama gunia la mahindi alitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Kisha akasukuma pua ndani ya kiganja changu, akaisukuma zaidi, kama anayeomba nimfunike vizuri. Mkojo wake ukanilowesha kanga. Hakutoa sauti.

Firimbi ililia mbali, kisha mbali zaidi, kisha ikanyamaza.

Mjomba alishusha panga polepole. Akasema, "Leo kanyamaza."

"Ndiyo, mjomba."

"Kesho sijui."

"Nami sijui."

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Tadei bado ni wangu, anapanda kilima akiimba vibaya, na mimi bado naunguza chakula. Mjomba humrushia Mshenga ukoko wa ugali kwa mbali, akimwambia, "Nakuona." Mimi bado nikilala nageukia mlango. Sijaacha kushuku, Bibi, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini ulinifundisha pia kumnusa mtu kabla ya kumhukumu. Nimemnusa. Ananuka kama mimi siku ile, chini ya mkono wako.

Lala salama huko uliko. Mume wetu anakusalimu, na mshenga wetu yuko mlangoni, kimya.

Mjukuu wako, mke mwenzio