Nilimpaka Mwanangu Krimu, Lawama Akaibeba Mama Mkwe

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, mimi ni fundi wa majokofu, nina miaka thelathini na miwili, mke mmoja na mtoto mmoja wa kike aliyetimiza wiki tisa, na naomba unisaidie kwa sababu jambo hili nimeshindwa kumwambia mtu yeyote anayenijua sura.

Bafuni kwetu kuna kabati dogo la ukutani ambalo tulianza kulijaza tangu mimba ina miezi saba, kila aliyesikia tunatarajia mtoto alileta kitu, wenzake mke wangu wa kazini wakaleta losheni, dada yangu akaleta poda na sabuni zinazonukia, mimi nikaongeza dawa ya kikohozi na ya kuchua kifua nikijiona baba makini, mpaka mlango wa kabati ukawa haufungi. Mama mkwe, ambaye alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, alikuja kutusaidia mke wangu alipotoka hospitali, akalifungua lile kabati, akalitazama, akasema, "Mtoto ana ngozi moja, nyinyi mmemnunulia chupa kumi na moja?" Tukacheka. Yeye alikuja na chupa moja ya mafuta ya nazi, akawa anamkanda mtoto miguu na mgongo kila akishamwogesha, na mtoto analala fofofo.

Wiki ya nne mtoto akatoka vipele usoni, vyekundu, vingine vina vichwa vyeupe, na mama akasema ni vipele vya wachanga, vitaondoka vyenyewe, "ni mgeni asiyealikwa, usimpe kiti." Lakini wazazi wangu walikuwa wanakuja Jumapili kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nimewatumia picha mtoto akiwa safi kama yai, nikaona aibu, na siku hiyo nilikuwa natengeneza jokofu kwenye saluni moja, nikamweleza mwenye saluni, akanipa mrija mdogo wa krimu akasema, "Hii haichagui umri, siku tatu tu utaniambia." Basi kila asubuhi mke wangu akiwa bado amelala na mama yuko uani anafua nepi, mimi nikawa nampaka mtoto, na kweli siku ya tatu uso ukatakata, wazazi wangu wakaja wakasifia, lakini kila nikiruka siku vipele vinarudi, nikaendelea hivyo wiki tatu.

Halafu mashavu yakaanza kuwa mekundu, ngozi inang'aa na imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ukimgusa analia. Mke wangu akamkuta mama ameshika ile chupa yake, akamuuliza, "Mama, umempaka nini mwanangu?"

"Mafuta haya haya. Na usoni sijampaka hata siku moja."

"Basi nani? Niambie, nani mwingine anayemshika?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo mkononi. Mama akanigeukia, hakunishuku, alikuwa anangoja tu niseme neno kama mwenye nyumba, nami nikasema, "Mama, labda tupumzike na mafuta kidogo." Akaifunga chupa yake. Mchana ule ule akapanga begi, akasema anashukuru tulivyomkaribisha, akaondoka bila kula.

Tulipompeleka mtoto kliniki muuguzi akauliza amepakwa dawa gani, mke wangu akajibu, "Mafuta ya bibi yake," ikaandikwa hivyo, na mimi mrija uko kwenye mfuko wa ovaroli, naugusa kwa kidole. Sasa ni siku ya tisa, mama hapokei simu ya binti yake, mke wangu anamhadithia kila mtu habari ya mafuta, krimu nimeiacha lakini uso umezidi kuchachamaa. Je, nikae kimya mpaka mtoto apone na yapite? Na ndani ya lile kabati tubakishe nini hasa?

Fundi Baridi

*

Fundi,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kwa kuwa ulikuwa umeandika namba yako chini, sikungoja ukurasa huu uchapwe. Uso wa mtoto haungoji zamu ya gazeti. Wasomaji nao wajue tulichosemezana, kwa ruhusa yako.

Uliniambia, "Dada, niko kazini, niko juu ya ngazi."

Nikakwambia, "Shuka."

Ukashuka. Nikakuagiza uchukue mrija huo uende nao kliniki na mtoto, leo au kesho asubuhi, maana daktari aliyeandikiwa "mafuta ya bibi" anatibu ugonjwa ambao haupo. Ukasema, "Lakini mke wangu atajua." Nikakujibu kwamba ni lazima ajue, na ajue kutoka kwako kabla hamjaingia ndani.

Jumanne ulinipigia. Ulimwambia kwenye benchi la nje, mkiwa mnasubiri kuitwa. Daktari akasoma mrija, akasema ni dawa kali ya ngozi za watu wazima, na usoni kwa mtoto mchanga haipakwi bila amri ya daktari. Akabadilisha matibabu, akataka kumwona mtoto kila wiki, akasema ngozi itarudi lakini taratibu. Mlipotoka, mkeo alikupa mtoto umshike, akasogea pembeni kumpigia mama yake. Simu iliita mpaka ikakata.

Sasa nikuseme. Kumpaka krimu ni ujinga wa mzazi mpya, na wa namna yako wako wengi. Vile vipele vilikuwa vya kawaida, vingekwisha bila msaada wako, ila uliona aibu ya picha. Hilo nalielewa. Kinachonikera ni ile "tupumzike na mafuta kidogo." Binti alipomfokea mama yake, mama aliumia, lakini kufokewa na mtoto wa kumzaa mtu huzoea. Mkwe akisema maneno kama hayo, tena kwa upole, mgeni anajua ameonyeshwa mlango. Wewe ndiye uliyemtoa mama yule nyumbani kwako, na ulimtoa huku ukijua hana kosa.

Kuhusu kabati, litoe lote kitandani, wewe na mkeo, mchana kweupe. Poda itupwe, vumbi lake linaingia kifuani kwa mtoto. Dawa ya kuchua yenye kafuri na dawa ya kikohozi hazimhusu mtoto wa umri huu hata kidogo, na aspirini isikae karibu naye. Chochote kinachonukia kama duka la maua mpe dada yako akitumie mwenyewe, na umshukuru. Abaki na sabuni moja laini isiyo na manukato, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu, na krimu ya zinki kwa ajili ya wekundu wa nepi. Weka maji ya chumvi ya matone kwa pua iliyoziba, mkasi wa kucha wa watoto, na kipimajoto, hicho ndicho cha maana kuliko vyote. Kikisoma nyuzi thelathini na nane au zaidi kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu, usimpe kitu, usingoje kuche, mpeleke hospitali. Parasetamoli mtampa siku atakayowaambia daktari, kwa kipimo cha uzito wake. Kipimo cha jirani hakimfai. Asali asilambishwe mpaka apite mwaka. Mafuta ya usoni muulizeni daktari kwanza, hata yale ya nazi, kwa sababu ngozi hiyo sasa imechoka. Na kila kitakachobaki muweze kukisoma jina lake nyote wawili. Kama kuna kinachojulikana na mmoja tu, hakina nafasi humo.

Uliniuliza kama ukae kimya yapite. Hayapiti, Fundi. Mkeo amekwisha kuwahadithia watu, na kila aliyesikia anahesabu kwamba yule mpishi wa shule alimuunguza mjukuu wake. Mkeo atawarudia mmoja mmoja kusahihisha, hiyo ni kazi yake. Ya kwako ni kwenda kwa mama Jumamosi hii, bila kupiga simu kwanza, maana hatapokea. Mkeo aende nawe, lakini anyamaze mpaka umalize. Usianze na "kama nimekukosea". Sema ulichompaka mtoto, muda gani, na kwamba ulikuwa na jibu siku ile pale mlangoni ukalificha. Akikufokea, fokewa. Akinyamaza, kaa.

Na mtoto muachie dada yako kwa saa hizo. Ukifika umembeba, mama atamnyoshea mikono mjukuu wake na kukusamehe kabla hujafungua mdomo, na utarudi nyumbani hujasema.