Kimya cha Cae'r Felin

Jumapili, 5 Novemba

Salamu kwako, daftari. Sijui shajara inaanzaje. Mimi najua barua tu, basi naanza kama barua. Nakusalimia mimi Nesta. Mume wangu Emrys anakusalimia, ingawa hajui kama upo – amelala kitini, gazeti usoni. Anakusalimia mama mkwe, Bibi Olwen, masikio yamekufa lakini ulimi mzima. Lowri binti yangu anakusalimia kutoka Cardiff, yeye na mumewe na kazi yake ya mahesabu. Iestyn, kitindamimba wangu, yuko chumbani juu, barafu shingoni, naye salamu. Mbwa wetu Mot anakusalimia kwa mkia. Baada ya salamu, hatujambo sote, ila mimi moyo. Nesi wa presha ndiye aliyesema: Nesta, usikae na mambo kifuani, yaandike. Haya, nayaandika.

Jana ilikuwa mechi ya raga. Sikwenda. Siendi kamwe, tangu Iestyn alipokuwa mtoto na nikaona jino lake likianguka kwenye matope. Nakaa jikoni, dirisha wazi kidogo, namenya viazi. Uwanja wa Cae'r Felin uko ng'ambo ya mto tu. Nausikia kama redio. Skramu, wale wa mbele wa timu zote mbili wakishikana wasukumane – sauti nzito, ya chini, kama ng'ombe zizini. Trai ikiingia, mpira ukilazwa nyuma ya mstari wa adui – mabati ya jukwaa yanapigwa mateke, hata vikombe vyangu vinatetemeka!

Na penalti – kimya. Hapa Pontarwel mtu akienda kupiga teke la pointi, watu wote wananyamaza mpaka mpira utue. Hata akiwa adui. Emrys husema, kule kwa mahasimu wetu Abermorlais wanazomea kama mabata, sisi tulilelewa. Kimya hicho nakijua urefu wake. Ni nusu ya kiazi. Nikifika nusu, kelele zinarudi.

Kuna kimya kingine. Nilikisikia mara moja tu, mwezi wa Machi. Kiazi kizima kikaisha, nikachukua cha pili. Iestyn alikuwa amelala chini na mkono wake wa kushoto haumsikii.

Ulirudi, mkono. Namshukuru Mungu. Lakini yeye ni namba mbili, yule wa katikati ya skramu. Uzito wa watu wote wale unapita shingoni mwake.

Jumanne, 14 Novemba

Mishahara ya klabu haikuingia. Mara ya pili hii. Emrys anasema ni kompyuta za benki. Emrys ni mlinzi wa geti pale, wa kujitolea, koti la njano, hajawahi kulipwa hata senti – na ndiye anayewatetea kuliko wote!

Nikampigia Lowri. Akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Mama, si kompyuta. Bwana Prosser alipoichukua klabu, aliifanya vitu viwili. Uwanja akauweka kwenye kampuni yake moja, timu akaiweka kwenye nyingine. Uwanja ndio wenye bei. Timu ndiyo yenye madeni."

"Kwa hiyo klabu ina nini?"

"Jezi, Mama."

Prosser huyu si mgeni. Ni wa hapa hapa, mfanyabiashara wa madirisha na milango ya vioo. Mama yake alitupigia kinanda kanisani miaka yote. Nilimpa keki mimi mwenyewe, mtoto mwenye makamasi.

Sikumwambia Emrys. Lakini alinisoma usoni.

Alhamisi, 16 Novemba

Leo Emrys amesema. Tulikuwa mezani, mchuzi wa kondoo na liki, vile vitunguu vya majani, hakugusa. Akasema tu, bila kuulizwa: "Sote tulinyoosha mikono, Nesta."

Siku ile ya mkutano wa wanachama, anamaanisha. Prosser alisimama ukumbini kwenye klabu akasema, nipeni, nami nitawapa timu ya kuifunga Abermorlais. Hakuna aliyeuliza, kwa pesa gani. Mikono juu, ukumbi mzima! Kisha wakaimba.

"Na tuliwafunga," Emrys akasema. "Mara nne mfululizo. Huwezi kusema kwamba hukufurahi."

Nilifurahi. Nani hakufurahi? Wakaletwa wale majitu wawili kutoka Afrika Kusini, akaletwa mpiga mateke wa New Zealand mwenye nywele za dhahabu. Lowri anasema hata kama viti vyote vingejaa kila Jumamosi, mapato yasingetosha mishahara ile. Basi wakawa wanauza tiketi za msimu ujao ili walipe msimu uliopita. Na kodi waliyokata kwa wachezaji hawakuipeleka serikalini. Sasa serikali imekwenda mahakamani.

Baba yangu alifuga kondoo. Jirani yetu mmoja kule mlimani aliuza majike wenye mimba ili anunue lori la kubebea wana-kondoo. Tunamcheka mpaka leo. Sasa nani atatucheka sisi?

Bibi Olwen hakusikia neno, lakini alimtazama mwanawe akasema: "Kula. Hata kwenye msiba watu wanakula."

Jumatatu, 20 Novemba

Mengi leo, sijui nianze wapi.

Mahakama imeweka mfilisi. Ni mwanamke, mpole, viatu vyake vimelowa kabisa, hakuambiwa kuhusu njia ya mtoni. Aliwakusanya wachezaji na wasaidizi wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akasema Jumamosi mtacheza na Abermorlais, mapato ya getini yatasaidia kidogo, kisha milango inafungwa. Hakuna klabu tena. Miaka mia na kitu! Emrys anasema alisema vizuri. Anasema hata aliomba radhi, na halikuwa kosa lake.

Prosser hakuja. Simu imezimwa. Nyumba yake imefungwa mapazia.

Halafu Iestyn akaingia jikoni, akasimama mlangoni, urefu wote ule. "Mama, kaa kwanza." Nikajua ni shingo. Nikashika meza. Kumbe – Ufaransa! Klabu moja ya kule kusini inamtaka, miaka mitatu. Daktari wao atampima Jumanne ya wiki ijayo. Shingo ikiwa nzima, anasaini siku hiyo hiyo.

Nililia, nikamwagia Mot chai. Emrys akamshika Iestyn kichwa kwa mikono miwili.

Basi Jumamosi hachezi. Nilidhani hilo halihitaji hata kusemwa.

Jumatano, 22 Novemba

Anacheza.

Sikulala. Nitaandika alivyosema ili nione kama kuna mahali pa kumshika.

Nilimwambia: una Jumanne yako. Pumzisha shingo, mwanangu. Utawatazama ukiwa umevaa koti, watu wataelewa.

Akasema, "Mama, Puw ameondoka." Puw ndiye namba mbili mwingine. Alienda Scotland Jumapili, ana watoto, simlaumu.

"Basi wamtafute mwingine."

"Yupo. Macsen."

Macsen! Ana miaka kumi na minane. Mtoto wa Delyth, anayekaa benchi la nyuma yetu kanisani. Mwaka jana alikuwa bado anabeba vitabu vya nyimbo. Shingo kama ya ndege.

"Abermorlais wana majitu mbele, Mama. Unajua nilipita wapi mwezi wa Machi. Nimwache mtoto wa watu aingie pale?"

Nikasema, basi msicheze skramu za kusukumana. Refa anaruhusu. Emrys akainua kichwa: "Mechi ya mwisho, bila skramu?" Nikamwambia wewe nyamaza, wewe na mkono wako wa kunyoosha! Sijawahi kumwambia hivyo. Akatoka akaenda kufagia uwanja. Bado wanafagia.

Kuna jambo jingine, Iestyn hakutaka niambiwe, Lowri ndiye aliyesema. Bima imekatika. Ile ya kumlipa mchezaji akiumia asiweze kucheza tena. Hospitali ya serikali itampokea kama mtu yeyote, lakini maisha yake hakuna wa kuyalipa. Wote wanajua. Wote watacheza, bila mshahara, bila bima. Nani mwingine duniani angefanya ujinga huu? Ni kama mtu wa madirisha ameiuza nyumba, na watoto wanabaki kupiga deki sakafu yake.

Nilimuuliza mara ya mwisho. "Na Ufaransa?"

"Ufaransa ni Jumanne, Mama. Hii ni Jumamosi."

Ijumaa, 24 Novemba

Nimekutana na Delyth buchani. Foleni ilikuwa ndefu. Hywel mwenye bucha, ambaye mkewe ni wa Abermorlais, alikuwa akitania, kesho mnahitaji nyama ya kuweka kwenye jicho lililovimba au ya matanga? Watu wakacheka kidogo. Delyth hakucheka. Alinishika mkono, akaushika muda mrefu, hapo hapo mbele ya soseji. Mkono baridi.

"Iestyn amemwambia Macsen akae benchi na koti lake, asilivue," akasema. "Nesta, sina la kusema."

Nikasema, mvua itanyesha kesho.

Nilirudi bila nyama.

Jumamosi, 25 Novemba

Mvua haikunyesha. Jua, hebu fikiria!

Asubuhi Iestyn alikula mayai manne. Nilimfunga skafu shingoni kama wa darasa la kwanza, akaniachia. Akasema, "Njoo leo, Mama. Ni ya mwisho." Nikasema nikija nitaingia uwanjani nikushike sikio. "Utakuwa mama wa kwanza kupewa kadi nyekundu," akasema. Tukacheka. Halafu nikasema lile ambalo sikulala kwa ajili yake. Niahidi kitu kimoja. Mkiwa mbele sana, utoke. Hata dakika za mwisho tu. Toka.

Alinitazama. Alijua ninamwomba nini, na nani angeingia. Akasema, "Tutaona, Mama." Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda.

Mchana Emrys alipita kuchukua glavu. Macho mekundu, anacheka. Abermorlais wanavuka daraja kwa maelfu, na ndoo za mchango kwa wachezaji wetu! Wamebeba bango: TUMEKUJA KUWAZIKA – RAMBIRAMBI TUMELETA. "Washenzi," akasema Emrys. "Washenzi wazuri." Nikamwambia samahani kwa ya Jumatano. Akasema, mkono ulikuwa wangu kweli. Akaenda getini kwake.

Sasa wameanza. Naandika na kumenya kwa zamu, karatasi imelowa. Bibi Olwen yuko dirishani, blanketi magotini, anatazama mto kana kwamba anasikia.

Skramu. Ng'ombe zizini. Mungu wangu. – Imepita.

Kimya. Nusu kiazi. Kelele. Vizuri.

Wanaimba. Sijawahi kusikia pande zote mbili zikiimba pamoja. Mot amekwenda mlangoni.

Skramu tena. Tena. Refa huyu ana nini na skramu!

Mapumziko. Nimeweka birika. Nina viazi vya kulisha kanisa zima.

Kipindi cha pili. Trai – mabati! Yetu! Bibi Olwen ameona vikombe vikitikisika, akapiga makofi. Kimya cha teke, nusu kiazi, mlipuko. Nyingine! Sijakaa vizuri, nyingine tena! Vikombe vyote. Emrys bila shaka analia getini. Tuko mbele, tuko mbele sana. Klabu inakufa na bado inawafunga Abermorlais! Toka sasa, mwanangu. Umewapa kila kitu. Toka, uje unywe chai.

Skramu.

Kimya.

Teke hilo. Ni teke tu.

Nusu.

Kiazi kizima.

Nimechukua kingine. Nimekirudisha bakulini. Nasikia maji ya mto. Sijawahi kusikia mto siku ya mechi.

Bibi Olwen anauliza, mbona umeacha kumenya, nani anaongoza? Nimemwambia sisi. Anasema nini? Sisi, Mama! Sisi!

Bado kimya. Watu elfu ngapi wale, na hakuna hata anayekohoa.

Nimesema, isiwe wangu. Nimesema kwa sauti, hapa jikoni. Na mara nikaona mkono wa Delyth mbele ya soseji. Yeye yuko pale jukwaani, anaona. Kama Iestyn alitoka, aliye chini ni Macsen, na ni kwa sababu yangu. Kama hakutoka –

King'ora, upande wa daraja.

Nimechukua simu. Niliandika kwa Emrys: ni wetu au ni wa Delyth? Nikafuta. Mtu haandiki hivyo. Nimeandika tena, nanakili hapa kama nilivyotuma:

Emrys. Nasikia kimya. Ni nani aliye chini? Usipige simu kama huwezi kusema, andika tu. Jina moja tu. Nijibu upesi, mume wangu, upesi.